Tulikutana treni ya bara, kiti namba 34 (uzi mrefu kidogo, njooni na viti)

Fundi Kinu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu, shikamooni.

Wiki mbili zilizopita wazee wangu walirudi kutoka Kasulu. Barua ilishajibiwa, safari hii walikwenda kupanga mahari. Binti aliitwa mbele ya watu, akaulizwa mara tatu kama anamjua kijana aliyewatuma hawa wageni, mara tatu akasema anamjua. Kwa hiyo sasa naruhusiwa kusema nina mchumba. Zamani nilikuwa nasema "nina mtu", na mama alikuwa ananiangalia kwa jicho la pembeni.

Tangu hapo kila mtu ananiuliza swali moja: wewe Msukuma wa Malampaka, binti wa Kiha ulimpatia wapi? Nimechoka kusimulia mmoja mmoja. Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Kwa asiyewahi kupanda treni ya bara, nasemea ile ya zamani, nianze kwa kumweleza jambo moja, vinginevyo hataelewa presha niliyokuwa nayo. Reli ya Kati inatoka Dar, inapita Morogoro na Dodoma hadi Tabora. Pale Tabora inagawanyika. Tawi moja linaendelea magharibi hadi Kigoma, ndiyo ile njia ya Mjerumani iliyofika ziwani mwaka 1914. Tawi jingine linapanda kaskazini hadi Mwanza, hilo Mwingereza alilifikisha mwaka 1928. Sasa treni inayotoka Dar ni moja, ila mabehewa yake hayana safari moja. Haya ni ya Mwanza, yale ni ya Kigoma. Mkifika Tabora yanakatwa, kila upande unafungiwa kichwa chake, mnaachana. Ukizubaa ukalala kwenye behewa la watu, unakuja kushtuka uko Kaliua wakati mama yako anakusubiri Shinyanga.

Basi. Ilikuwa Januari, mwaka wa tatu sasa. Mimi ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga, nilikuwa nimekwenda Gerezani kutafuta beringi na mkanda wa mashine. Narudi nyumbani, mkanda nimeuvaa begani kama mtu aliyeua nyoka, beringi ziko kwenye mfuko wa rambo zimenikata vidole. Naingia behewa letu, natafuta kiti namba 34, dirishani. Nakuta kina mtu.

"Samahani dada, hapo ni pangu."

"Namba ngapi?"

"Thelathini na nne."

"Na mimi thelathini na nne." Akatoa tiketi. Kweli, 34. Nikaisoma vizuri.

"Dada, hii ni ya behewa la Kigoma."

"Kwani hili la wapi?"

"La Mwanza."

"Mpaka Tabora treni ni moja," akasema. Akageukia dirishani. Mazungumzo yakaishia hapo.

Wakuu, nilikasirika. Nilikuwa nimeamka saa kumi usiku kuwahi hiyo namba ya dirishani. Nikakaa ukingoni, nusu ya kiti kwangu, nusu kwa mzee mmoja aliyekuwa na jogoo kwenye kikapu. Mpaka tunapita Pugu sijasema neno. Huo ndio mwanzo, hakuna muziki, hakuna macho kugongana.

Naendelea jioni, kuna mtu kaleta mota.

---

Kiti cha Mbele

Nimeweka kambi. Mkuu usije ukatuachia arosto.

Mzee wa Busati

Hii chai naisikilizia iive. Jogoo kwenye daraja la tatu? Sawa.

Mwanamigebuka

Mzee wa Busati wewe hujapanda treni ya Kigoma. Jogoo ni kitu kidogo. Mimi nimesafiri na godoro la sita kwa sita, dumu tatu za mawese na bibi aliyebeba mlango. Mlango wa mbao, wakuu. Mpaka Dar.

Shangazi wa Mjini

Hapo kwenye "mpaka Tabora treni ni moja" nimempenda huyo binti. Mimi ningempa kijana wangu.

---

Fundi Kinu

Nimerudi. Mota ilikuwa imeingia maji tu.

Tuliondoka Dar jioni. Usiku mzima mvua. Wanaoijua njia hiyo wanaelewa kipande cha kutoka Kilosa kwenda Gulwe: reli inakwenda sambamba na mto bondeni, na masika mabaya yakija mto unakula tuta. Haijaanza jana, ni ugonjwa wa miaka mingi. Sasa tumefika Gulwe saa tatu asubuhi, treni ikasimama. Tukadhani tunapishana na ya mizigo. Saa nne. Saa sita. Saa nane ndipo ikaja habari kwamba mbele maji yamechota kokoto, reli zimebaki zinaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo, na mafundi wako njiani.

Tulikaa Gulwe saa 26. Nilihesabu.

Kwanza watu walilalamika, halafu wakachoka kulalamika, halafu wakawa kijiji. Kina mama wakashuka wakawasha mafiga kando ya reli. Wanaume tukachota maji. Mzee wa jogoo akawa anaamua kesi za watoto. Mchana kina mama wa Kigogo wakaja na masufuria kichwani, ugali wa uwele na mlenda. Njaa ilikuwa kali, nikanunua sahani mbili. Moja nikampa jirani yangu wa dirishani. Siyo mapenzi, wakuu. Huwezi kula peke yako na mtu mnagusana mabega.

Akakata tonge, akachovya, akainua. Mlenda ukamfuata. Akainua zaidi, nao ukapanda. Mkono umefika juu ya kichwa, uzi bado umeshika sahani, na mwingine umeshamlalia kidevuni. Akaniangalia. Nikamwonyesha: hauvuti juu, unachovya unazungusha kiganja, unaukata kwa ukingo wa sahani, unapeleka mdomoni haraka kabla haujajiunga tena. Mara ya tatu akaweza. Akacheka kwa sauti, mdomo umejaa, hana habari na mtu. Ndipo tukasalimiana vizuri, saa 20 tangu tugombane.

Nikajua anasomea ualimu, anarudi nyumbani mara moja kumwona bibi yake kisha anarudi chuoni. Nikajua kwao wanaongea Kiha na kwamba wao salamu ni kazi, mnapigiana makofi, mnaulizana habari za nyumba nzima mpaka za ng'ombe. Nikamwambia Wasukuma nao siyo wachache wa maneno. Akasema ameshaona.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Jioni akaniomba nikamchukulie dumu lake la maji kule behewa la Kigoma. Nikapita mabehewa matatu nikiruka watu. Nafika kiti namba 34 cha huko nakuta mama mmoja ana watoto pacha wa kama miaka miwili, mmoja amelala mapajani, mwingine kwenye kanga chini. Namwambia nimetumwa na mwenye kiti hiki. Mama akanishika mkono. "Mwambie yule binti Mungu ambariki. Alinipisha kiti chake hata kabla hatujatoka mjini. Bila yeye ningesimama na hawa wanangu."

Nilirudi na dumu polepole sana.

Mtu nimemnunia usiku kucha kwa sababu amekaa kiti changu, kumbe chake amegawa. Na hakusema! Nilivyokuwa namtolea macho pale, angeweza kusema neno moja tu nikaona aibu. Akanyamaza akageukia dirishani. Nikampa dumu lake, nikakaa ukingoni na jogoo, nikajua nimeshaingia kwenye matatizo.

---

Kiti cha Mbele

Dah. Hapo kwenye "nilirudi polepole sana" umenimaliza.

Mzee wa Busati

Chai imekolea tangawizi. Lakini nakunywa.

Dereva Mstaafu

Vijana wa sasa mtakutana wapi? Treni ya umeme Dar hadi Dodoma ni saa tatu na nusu hivi, mahandaki ya Kilosa unayapita hujamaliza korosho. Kiyoyozi, kila mtu na simu yake, namba ya kiti haigongani. Kumpenda mtu kwa saa tatu na nusu lazima uwe na kipaji.

Mwanamigebuka

Dereva Mstaafu umeongea. Ule uchelewaji ulikuwa unaoza ndoa nyingi kuliko makanisa. Wazazi wangu walikutana Uvinza, wanagombania mfuko wa chumvi.

---

Fundi Kinu

Tuliondoka Gulwe kesho yake saa tano asubuhi. Dodoma saa tisa alasiri. Hapo simu yangu ikazima, nilikuwa nimeitumia Gulwe kama tochi. Saa mbili usiku Saranda, na anayepita Saranda bila kununua kuku amelogwa. Nikanunua mzima, wa kuchoma, mkavu kama kuni, mtamu. Tukala watatu na yule mzee. Jogoo akatuangalia.

Baada ya Manyoni watu wakalala, na mimi nikaanza kuhesabu vituo. Itigi. Malongwe. Goweko. Kila kituo kinachopita kinanikaribisha Tabora, na sijasema chochote cha maana. Mimi kwa mashine ni hodari, nikisikiliza mlio wa beringi nakuambia itakufa lini. Lakini maneno haya mengine hapana. Nikapanga sentensi tokea Itigi. Nikaifuta. Nikapanga nyingine. Igalula nikaamua nitasema. Naangalia pembeni, amelala.

Tabora tuliingia saa kumi alfajiri. Wauza asali wako tayari na chupa zao na vibatari. Mabehewa yakaanza kukatwa. Sauti ile wanaoijua wanaijua: gong'! halafu behewa zima linarudi nyuma, mizigo inaanguka, mtoto mmoja analia. Akaamka, akakusanya vitu vyake. Nikambebea begi mpaka kwao, tukakuta mama wa pacha anatupungia. Nimesimama pale chini kwenye kokoto, sentensi ya Itigi imepotea, ya Igalula imepotea.

Nikasema: "Namba yako sina."

Akasema: "Hujaomba."

Akachukua tiketi yangu mfukoni mwa shati langu, mwenyewe, akaandika nyuma kwa biki. Akairudisha mfukoni. Filimbi ikapigwa. Treni yao ikaondoka kwanza.

Hapo sasa nisikilizeni. Malampaka nilishuka saa kumi alasiri, mvua inanyesha kama imetumwa. Nikakimbia na mkanda wangu begani. Nafika nyumbani, naweka simu kwenye chaji, natoa tiketi. Imelowa. Wino umetembea. Tarakimu nane zinasomeka vizuri kabisa. Mbili za mwisho zimekuwa wingu la buluu.

Nilikaa kitandani nikapiga hesabu. Tarakimu mbili, kutoka 00 hadi 99. Namba mia moja. Nikanunua kifurushi cha meseji, nikaandika ujumbe mmoja: "Habari. Mimi ni wa kiti namba 34. Kama na wewe ni wa 34 naomba unijibu. Kama siyo, samahani kwa usumbufu." Nikaanza na 00.

Majibu niliyopata yanatosha uzi mwingine. Mmoja: "Mimi wa kiti namba moja, dereva. Unashukia wapi?" Mwingine: "Huyu ni mke wa mtu, koma." Mama mmoja wa Songea akaniambia nimekosea namba, ila akauliza kama nilifika salama, na mpaka leo Idi na Krismasi tunasalimiana, posa ilivyojibiwa nimemjulisha. Kuna aliyeniomba nimtumie nauli. Kuna aliyedhani ni mambo ya freemason.

Namba zote mia nilizimaliza siku ya pili usiku. Kimya. Siku ya tatu kimya. Siku ya nne, niko juu ya mashine, simu ikalia. Meseji: "Wa 34 mimi. Ulichelewa wapi?" Namba inaishia na 07.

Nilishuka kwenye mashine sijazima mota.

---

Shangazi wa Mjini

Jamani. Kijana wa watu katuma meseji mia! Wangu wa ndani hapa kutuma moja ya kuuliza tunakula nini ni mzozo.

Kiti cha Mbele

Mkuu, 07 umeituma siku ya kwanza, ikawaje ikajibiwa siku ya nne? Au mtandao?

Fundi Kinu

Kule kwao kijijini mtandao ulikuwa unasumbua.

Mwalimu wa Zamu

Habari zenu. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu, kiungo nimetumiwa na wifi yangu mtarajiwa.

Mtandao ulikuwa haujasumbua. Meseji niliipata siku ileile jioni, nikamsomea bibi. Bibi akasema, "Muache siku nne. Wa kukutafuta kweli atakuwepo siku ya tano." Nilimwacha siku nne kamili, yaani siku ya nne yenyewe nilikuwa na simu mkononi tangu alfajiri.

---

Mzee wa Busati

Ngoja kwanza. Huyu ndiye?

Kiti cha Mbele

NDIYE. Wakuu mwiteni kila mtu.

Mwanamigebuka

Mwakeye, mwalimu! Karibu jukwaani.

Mwalimu wa Zamu

Mwakeye. Asante, nimekaribia.

Nimesoma uzi wote na yako mambo mawili lazima niyaweke sawa, kwa sababu naona watu wanalia bure.

La kwanza ni hicho kiti. Mimi sikumpisha mtu kiti kwa wema. Tulipokaa tu, kabla hata treni haijaondoka, pacha mmoja, yule wa kiume, alitapika palepale kwenye kiti changu. Maziwa na chungwa. Nikamwambia mama kaeni tu, mimi nitatafuta sehemu nyingine. Ningefanyaje, nikae juu yake? Mama wa watu akashukuru mpaka machozi, nikaona aibu kumweleza. Na huyu bwana alivyorudi na dumu akiwa mpole ghafla, ananiuliza kama nina baridi, nilidhani ameugua.

La pili, yeye anasema hakuna alichofanya cha maana mpaka Tabora. Ameruka. Usiku wa Gulwe maneno yalienea kwamba kuna vibaka wamepanda. Mimi begi langu lilikuwa na ada ya muhula mzima, sikumwambia mtu, lakini nadhani alivyoniona nimelikumbatia alielewa. Akatoa kamba ya katani kwenye mzigo wake, akafunga kwenye mpini wa begi langu, upande mwingine akajifunga mguuni mwenyewe. Akasema, "Lala, wakilivuta wataniamsha." Akalala hivyo, mdomo wazi, kama mbuzi wa sadaka. Usiku wa manane yule mzee wa jogoo anakwenda chooni, akajikwaa kwenye kamba. Huyu akaruka, akapiga kelele za mwizi, akamkumbatia mzee kiunoni, behewa zima likaamka, mtu akawasha tochi, jogoo akawika. Mzee anasema niache mjukuu wangu nimebanwa. Aliomba radhi mpaka asubuhi.

Mimi niliamua hapo, kwenye ile tochi. Kabla ya kuku wa Saranda, kabla ya mlenda kunikauka kidevuni.

---

Shangazi wa Mjini

Nimecheka mpaka mteja kaniuliza kulikoni. Mwalimu wewe mkorofi, lakini umekuja wakati wake.

Fundi Kinu

Wakuu nisameheni, nilikuwa nje nikipunga upepo.

Miaka mitatu. Miaka mitatu namsimulia mama yangu habari ya kile kiti. Mama alimkubali binti huyu kabla ya kumwona, kwa sababu ya kile kiti. Amewasimulia wanawake wenzake kanisani. Baba mdogo, mshenga wetu, kakisema mbele ya wazee wa Kasulu: "Tumekuja kwa sababu binti yenu aliinuka kiti chake akampisha mwenye watoto." Wazee wakapiga makofi!

Mwalimu wa Zamu

Nilikuwa chumba cha pili nasikia. Niliziba mdomo kwa kanga.

Mzee wa Busati

Nafuta kauli yangu ya chai. Uongo mtu huutunga vizuri zaidi ya hivi.

Kalamu Nyekundu

Hongereni. Samahani kwa kuingiza mambo ya kazini. Je, pete umeshavisha? Na kumbukeni kwamba kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 mnatakiwa kutoa taarifa ya kusudio la kuoana siku 21 kabla, msije mkakimbizana dakika za mwisho. Sheria hiyohiyo inaitambua ahadi ya ndoa, aliyeahidiwa akaachwa anaweza kudai fidia mahakamani. Na mahari ambayo haijaisha haibatilishi ndoa iliyofungwa, wanaume wengi hawalijui hili.

Fundi Kinu

Mkuu, hilo la mwisho usilipeleke Kasulu tafadhali.

Pete sijavisha. Nilikuwa nimeweka hela, nikamwambia. Akasema pete atavaa siku ya ndoa, moja inatosha, hiyo nyingine ninunue simtanki kwa mama maana anachota maji mbali. Simtanki lipo, la lita elfu moja, jeusi. Mama analiita mkwe.

Mahari ni ng'ombe sita. Wazee walianza na kumi, vijiti vimepangwa mezani, baba mdogo anaondoa kimoja wao wanarudisha. Wasukuma tumezoea hesabu za ng'ombe kwa hiyo hakuna aliyekasirika, walikula, wakaongea mvua, wakarudi kwenye vijiti. Wanne wa miguu, wawili wa fedha. Wa miguu tumewanunua hukohuko, huwezi kuwapandisha ng'ombe treni mpaka Kigoma halafu Kasulu kwa barabara. Blanketi la babu na kitenge cha bibi tulishapeleka na barua. Bibi alikataa kitenge. Akasema anataka kumwona "yule wa kamba". Sikuelewa wakati ule anamaanisha nini. Sasa nimeelewa.

Dereva Mstaafu

Sasa swali la mtu mzima. Yeye ni mwalimu, wewe una kinu Malampaka. Nani anamfuata mwenzake? Mapenzi ya meseji yana mwisho.

Mwalimu wa Zamu

Mimi nimeajiriwa mwaka jana, niko shule ya msingi huku kwetu, darasa la tatu, watoto 90 na kitu. Uhamisho naweza kuomba, lakini mwaka wa kwanza kazini kuomba kuhama mkoa ni kutafuta maneno. Nimemwambia wazi. Kama hawezi kusubiri aseme.

Fundi Kinu

Ameshaniambia, na mimi nimeshalala nalo, tena usiku mwingi. Huko Kasulu mpunga siyo kama kwetu, lakini mahindi na muhogo vipo kila mahali na watu wanasaga. Kinu cha Malampaka mdogo wangu anakiweza, mlio wa beringi mbovu ameshaanza kuusikia. Baba hakufurahi. Alisema mwanaume hafuati mke. Kisha wiki iliyopita akaniuliza kama huko umeme ni wa uhakika, nikajua ameanza kukubali.

Kwa hiyo naomba msaada wenu, na ndiyo sababu nyingine ya uzi huu. Natafuta mashine ya kusaga mahindi, iliyotumika, maeneo ya Kigoma. Ikiwa mbovu siogopi, ubovu ndiyo kazi yangu.

Mwanamigebuka

Kuna ya shemeji yangu Kazuramimba. Mawe mazima, mota imeungua, ina mwaka wa pili imefunikwa turubai. Anauza. Ukiwa tayari nikuandikie namba yake inboksi.

Fundi Kinu

Mota nitasuka upya mwenyewe. Nitumie sasa hivi, mkuu, kesho asubuhi nampigia. Andika tarakimu zote kumi.